Sura ya Saba: Nzi Chini ya Ukuta

Aliyeifuta picha ya Rahab alikuwa na haraka, na haraka yake ilianzia mlangoni. Sajini Wasike aliliona hilo kabla hata hajavua kofia.

Alisimama katikati ya ukumbi wa kanisa pale Bondeni, mikono nyuma, akautazama ukuta wa mashariki jinsi mtu anavyomtazama fahali anayetaka kumnunua. Mpaka jana ukuta huo ulikuwa na picha kutoka pembe hadi pembe: moto, moshi, na wanawake kumi na mmoja waliokufa katika godauni la pareto la Bwana Thornley. Leo asubuhi ulikuwa mweupe mtupu. Lakini weupe wenyewe haukuwa wa namna moja. Karibu kote ulipakwa mkupuo mmoja tu, mwembamba, kama mtu anayemalizia kazi isiyomhusu. Upande wa kulia, mahali penye kimo cha mtu, weupe ulirundikwa tabaka juu ya tabaka hata ukapasuka ulipokauka. Na michirizi ya kule kwingine ilipita juu ya michirizi ya pale. Mtu huyo alianza hapo, akarudia na kurudia, kisha ndipo akakumbuka kwamba kuna ukuta mzima.

"Mwalimu," Wasike aliita bila kugeuka, "hapa palikuwa na nini?"

"Mlango," alijibu Rahab.

Alikuwa ameketi kwenye benchi la mbele, kitambaa cha kichwa kimelegea, mikono yake yenye madoa ya rangi imelala mapajani. Rahab alifundisha ushonaji na uchoraji katika shule ya wasichana, na kwa kawaida alikuwa na ulimi uliowafanya hata makarani wa Bwana DC wapite upande wa pili wa barabara. Asubuhi hiyo ulimi ulikuwa umechoka.

"Mlango tu?"

"Mlango wa godauni, na kilichokuwa nje yake. Sajini, mimi nilichora ili nisieleze. Sasa unataka nieleze?"

Wasike hakuiona picha hiyo. Wiki nzima alikuwa Molo akifuata ng'ombe walioibwa, na alirudi jana jioni viatu vyake vikilia kwa matope. Lakini habari ya moto aliijua, kama alivyoijua kila mtu wa Nakuru, kuanzia Milimani mpaka ufukoni mwa ziwa, maana moshi ule ulionekana kote. Wanawake walikuwa ndani wakichambua maua makavu ya pareto karibu na tanuri la kukaushia. Moto ukashika, nao hawakutoka. Waithaka, nyapara wa godauni, alisema kwamba mmoja wao, Wachuka, aliingia na makaa ndani ya mkebe ili aote moto. Alisema pia mlango ulikuwa wazi, ila wanawake walichanganyikiwa kwa moshi. Maneno yake yakaaminiwa, kwa kuwa hapakuwa na mengine.

Wachuka alikuwa dada mdogo wa Rahab. Tangu siku hiyo mama yao, Gathoni, alikuwa akikaa peke yake kwenye benchi la nyuma kanisani. Watu hawakumtukana, waliacha tu kumsalimu. Na katika nchi hii mtu asiyesalimiwa ni kama amekwisha zikwa, ila bado anatembea.

Aliyetoka hai alikuwa mmoja tu, msichana wa Keringet aitwaye Chepkemboi, aliyepenya kwenye tundu la paa. Moshi uliila sauti yake. Hakimu aliyekuwa akichunguza vifo vile alikataa ushahidi wa ishara za mikono mitupu, akasema mkono unaosukuma na mkono unaovuta hufanana. Basi Rahab akamketisha Chepkemboi mbele ya ukuta, akachora, akafuta, akachora tena, mpaka yule msichana alipotikisa kichwa kukubali. Hakimu alipopata habari alikubali kuja ukumbini, Chepkemboi akaapishwe na kuonyesha kwa kidole. Alikuwa aje leo saa nane mchana. Akikosa cha kuonyeshwa, angefunga uchunguzi, na katika karatasi za serikali Wachuka angebaki kuwa mwanamke aliyewachoma wenzake.

"Nani hakuipenda picha hii?" Wasike aliuliza.

"Uliza nani aliipenda, jibu litakuwa fupi. Mzee Naftaly alisema ni sanamu. Bwana Thornley alisema ni siasa, na siku hizi ukisikia Mzungu akitaja siasa, tafuta pasi yako ya kusafiri. Waithaka peke yake ndiye aliyenisifu."

"Alikusifu?"

"Alikuja Jumapili na watu wengine. Wengine walitafuta sura za watu wao tu, yeye alisimama hapo ulipo, akatazama sana. Akasema nina mkono mzuri."

Wasike aliutazama tena ule weupe wa upande wa kulia. Kuna sifa zinazomnufaisha anayesifiwa, na kuna zinazomnunulia anayesifu nafasi ya kutazama zaidi.

"Jumapili picha ilikuwa imekwisha?"

"Isipokuwa dada yangu. Mahali pake palikuwa pameachwa tupu, hapo katikati. Watu wakasema ni aibu, kwamba hata mimi nimekubali alikosa. Mimi nilikuwa nasubiri udongo."

"Udongo gani?"

Hapo Rahab aliinuka kidogo, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mwalimu. "Kila mwanamke nimemchora kwa udongo wa kwao. Niliwaambia jamaa zao wasilete maua wala pesa, walete udongo wa pale alipozaliwa. Mwekundu wa Keringet, wa kijivu wa Njoro, wa manjano wa kule Bahati. Wachuka alizaliwa Dundori, kwenye shamba la Mzungu ambako mama alikuwa akichimba viazi. Mama hakutaka kuleta. Alisema udongo wa mwanawe utawachafua wenzake. Halafu juzi akaenda mwenyewe kuomba pasi, karani akamcheka, mwanamke mzima anaomba pasi akachukue udongo! Akapanda mlima, akarudi nao kwenye kiondo. Nilimaliza kumchora jana, jua likiwa linashuka. Hakuna mtu aliyemwona isipokuwa mimi, mama na Chepkemboi."

Alijifuta macho kwa kiganja, kwa hasira, kama anayefukuza mdudu. "Na sasa wamempaka chokaa."

Mlango wa pembeni ulifunguliwa, akaingia Mzee Naftaly Nderitu, mzee wa kanisa na mwenye funguo za ukumbi, ufagio mkononi. Alikuwa mrefu, mkavu, na viatu vyake vilikuwa na matone meupe tele. Wasike aliviangalia vile viatu. Naftaly akamwangalia Wasike akiviangalia.

"Habari ya asubuhi, mzee."

"Sema unalotaka kusema, Sajini."

"Viatu vyako vina chokaa."

"Na kanisa lina chokaa, napaka nguzo tangu Jumatatu. Na leso ya mke wangu ina chokaa, alikuja kuniletea chai. Utatufunga sote?"

"Ulisema picha hii ni sanamu."

"Nilisema, na bado nasema. Lakini mimi nikitaka kuvunja sanamu, nitavunja mchana, mbele ya watu, Biblia ikiwa mkononi. Siingii dirishani kama paka."

"Nani amesema dirishani?"

"Nenda nyuma ukaone. Kioo kimetolewa na kulazwa chini vizuri, wala hakikuvunjika. Mwizi mwenye adabu."

Wasike alienda, akaona, akarudi. Kioo kilikuwa kimetolewa kweli. Kwa hiyo ufunguo wa Naftaly haukuthibitisha lolote, na viatu vyake navyo vilikuwa na sababu. Lakini askari hafanyi kazi kwa kuridhishwa na majibu mazuri. Aliinama, akakwangua tone la chokaa kwenye kiatu cha mzee wa kanisa, Naftaly akiwa ameduwaa mguu mmoja juu, akaliweka kwenye ncha ya ulimi. Liliuma vilivyo. Akatema. Kisha akaenda ukutani, akabandua kipande cha weupe, akakionja nacho.

Hakikuuma. Kilinyonya mate yote na kuung'ang'ania ulimi.

"Huyu askari anakula ukuta," Naftaly alimwambia Rahab.

Wasike hakucheka. Alikuwa bado anajaribu kukitoa kile kitu ulimini. Naftaly, ambaye kwake kazi ni kazi hata polisi wakiwapo, akaanza kufagia chini ya ukuta akinung'unika. "Na nzi nao. Sijaua hata mmoja leo, tazama walivyojaa. Labda hiyo ndiyo hukumu yenyewe."

"Simama hapo hapo, mzee!"

Naftaly alisimama, ufagio ukiwa hewani. Wasike alipiga magoti. Chini ya ukuta wa mashariki, kutoka mwanzo mpaka mwisho wake, kulikuwa na nzi. Wengi walikuwa wamekufa. Wengine walikuwa wamelala chali wakizunguka na kuvuma kwa unyonge. Akatazama chini ya kuta nyingine tatu. Hapakuwa na hata mmoja. Akangoja. Nzi mmoja mnene aliingia kwa lile dirisha la nyuma, akatua juu ya ule weupe, akatembea kidogo kwa maringo, kisha miguu yake ikaanza kugombana. Akaanguka.

Wasike alisogeza pua karibu na ukuta, akanusa. Harufu ilikuwa hafifu, kavu, kama ya majani yaliyosahauliwa juani. Kila mtu wa Nakuru anaijua harufu hiyo, kwa kuwa inakuja na upepo kila maua yanapokaushwa, na kila mtu anajua maua hayo yanalimwa kwa ajili gani.

"Pareto," alisema Rahab polepole.

"Pareto iliyosagwa na kuchanganywa na ule udongo mweupe wa Kariandusi. Ndiyo dawa ya wadudu inayouzwa madukani kwenye mikebe. Mtu huyu alitaka kitu cheupe, akachota palipo karibu naye." Wasike aliinuka, magoti yakilia kama viatu. "Hii si chokaa, mwalimu."

Rahab alisimama wima. "Si chokaa? Sajini, una hakika?"

"Ulimi wangu una hakika."

"Maana kama ni chokaa, imekwisha. Rangi yangu nimeichanganya na maziwa ya mgando yaliyotolewa siagi, na chokaa kidogo. Ikikauka huioshi tena. Lakini ukiipaka chokaa nyingine juu yake, zinashikana, haziachani mpaka ukuta uanguke. Ndiyo sababu sikugusa. Nilijua nimeshindwa." Alikuwa sasa anasema haraka, mkono ukienda na kurudi. "Udongo wa Kariandusi ukiwa na maji matupu hauna cha kuushika. Ni vumbi tu limekaa hapo."

Wasike alitoa leso yake, akaichovya kwenye ndoo ya maji ambayo Naftaly aliiacha kando ya mlango, akachuchumaa kwenye pembe ya chini kabisa, mahali ambapo hapangeonekana na mtu aliyesimama. Akasugua mara moja. Weupe ukatoka wote, ukaijaza leso. Nyuma yake ukatokea wekundu, mzito na mzima, na alama ya kidole cha mtu ndani yake.

"Keringet," alisema Rahab, akaufunika mdomo kwa mikono yote miwili. Alicheka na kulia kwa pamoja, na hakuona haya.

"Msiguse zaidi," Wasike alisema. "Wala msimwambie mtu. Mzee Naftaly, wewe hupendi picha hii."

"Siipendi."

"Utanyamaza?"

Mzee wa kanisa alifikiri, akiutazama ule wekundu mdogo. "Sipendi sanamu," alisema. "Uongo siupendi zaidi."

* * *

Nusu ya godauni la Bwana Thornley ilikuwa bado imesimama. Ile nusu nyingine ilikuwa mabati yaliyojikunja na mbao nyeusi, na nyasi changa zilikuwa zimeanza kuota katikati yake bila kumwomba mtu ruhusa. Waithaka alimpokea Wasike kwa heshima zote. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye kofia ya kahawia ya Kizungu ambayo hakuivua hata ndani ya nyumba.

"Karibu, Afande. Chai?"

"Nitakunywa." Wasike hakuwahi kukataa chai ya mtu aliyemshuku. Mkono wenye kikombe husahau kujificha. "Mlango ule ulioungua ulikuwa na komeo?"

"La ndani tu. Wanawake wakitaka, walijifungia wenyewe wakati wa kubadili nguo."

"Nje hapakuwa na kitu?"

"Nje ni mbao tupu, Afande."

"Nikitafuta kwenye majivu sitaona chuma?"

"Chuma kimejaa humo. Bawaba, misumari, tanuri. Utajuaje kipi ni kipi?"

Jibu lilikuwa zuri, na lilikuwa limetayarishwa. Wasike alipuliza chai yake. "Ile dawa mnayosaga, mnaiweka wapi?"

"Stoo, pale nyuma."

"Ufunguo?"

"Mimi na Bwana tu. Dawa ile si unga wa ugali, kila mtu achote."

"Nionyeshe."

Stoo ilikuwa na magunia mpaka juu, na vumbi jeupe limekalia kila kitu: magunia, boriti, mizani, utando wa buibui aliyekufa siku nyingi. Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa safi. Brashi kubwa ya mkonge ilikuwa imening'inizwa dirishani, ikiwa imeoshwa, na bado ikidondosha maji.

"Hii ya nini?"

"Ya kufagilia tanuri."

"Umeiosha."

"Usafi ni kitu kizuri, Afande."

"Sana. Ila naona hapa umeanza nayo peke yake."

Waithaka alitabasamu. Wasike naye alitabasamu, akarudisha kikombe. "Hakimu anakutaka ukumbini saa nane, urudie maneno yako."

"Nitakuja. Lakini si nasikia picha imefutwa?"

"Nani amekuambia?"

"Mji mzima unajua, Afande. Hata wauza mboga."

Ilikuwa kweli, Wasike mwenyewe alikuwa ameambiwa na muuza mboga. Alisikitika kidogo, kwa maana ingekuwa raha mtu akijinasa kwa neno moja, lakini watu wa namna hiyo hawapatikani kila siku.

* * *

Kufika saa nane ukumbi ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Jamaa za waliokufa walikaa mbele. Bwana Thornley alikaa pembeni, miguu imekunjwa, akitazama saa. Gathoni, mama yake Rahab na Wachuka, alikaa nyuma kabisa, na benchi lake lilikuwa na nafasi nyingi. Hakimu, Mzungu mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliutazama ule ukuta mweupe akakunja uso.

"Waithaka," alisema kwa Kiswahili chake cha mashambani, "wewe naapa mbele ya Mungu. Siku ile mlango kuwa namna gani?"

"Wazi, Bwana Hakimu. Umeegemezwa tu."

"Nje kuwa na komeo?"

"Hapana."

"Wewe kuwa wapi?"

"Nilikuwa mbali, kwenye mizani. Niliposikia kelele nilikimbia, lakini moto ulikuwa umezidi. Yule Wachuka na makaa yake ndiye aliyetumaliza sote."

Nyuma ya ukumbi Gathoni aliinamisha kichwa. Hakuna aliyegeuka kumtazama, na huko kutomtazama ndiko kulikokuwa kukali.

Hakimu alimgeukia Chepkemboi, aliyekuwa amesimama kando ya ukuta, mikono yake yenye makovu imeshikana. "Pole, msichana. Picha hapana. Mimi nahitaji kufunga kazi hii."

"Bwana Hakimu," Wasike alisema, akasogea mbele, "kabla hujafunga, kuna mashahidi wengine. Nimewaweka hapa."

Alitoa kiberiti mfukoni, akakifungua, akamwaga nzi waliokufa juu ya meza ya Hakimu. Thornley aliguna kwa kinyaa. Watu wakanyanyuka kuona.

"Hawa wamekufa leo, chini ya ukuta huu, wala si chini ya ukuta mwingine wowote humu ndani. Hawakufa kwa chokaa. Chokaa haiui nzi. Wamekufa kwa pareto. Aliyepaka ukuta huu alitumia dawa ya wadudu kutoka stoo ya Bwana Thornley. Stoo hiyo ina watu wawili wenye ufunguo, na brashi moja iliyooshwa leo. Alianza kupaka hapa." Akaweka kiganja mahali pale penye tabaka nene. "Hapa alipaka mpaka akachoka. Sasa mimi nikajiuliza, katika picha yenye moto na wanawake wanaokufa, mtu anaogopa mlango kwa nini?"

"Hayo ni maneno," alisema Waithaka, upole wake ukiwa bado mahali pake. "Picha haipo."

"Mwalimu," alisema Wasike, "leteni maji."

Rahab alisimama, na pamoja naye wakasimama mama, dada na shangazi za waliokufa, kila mmoja akiwa amekuja na kipande cha gunia chini ya leso yake, kama Rahab alivyowaomba bila kuwaeleza sababu. Naftaly Nderitu ndiye aliyebeba debe la kwanza. Alilibeba kifuani, akiwa amekaza uso kama anayekwenda kubatiza, akalimwaga ukutani kwa nguvu zake zote.

Weupe ukaanza kutiririka. Ulishuka kwa mikondo mizito, ukajaa sakafuni, ukapita chini ya viatu vya Thornley, naye akainua miguu. Wanawake walisugua. Na kadiri walivyosugua, udongo ukatoka nyuma yake ukiwa mzima. Wa kijivu ukatokea, na mwanamke mmoja akaita kwa sauti kubwa, "Sally! Ni Sally wangu!" Ukatokea wa manjano, mtu mwingine akaita jina. Ukumbi mzima ukaanza kuita. Hakimu alikuwa amesimama bila kujua kwamba amesimama.

Kisha Rahab mwenyewe akausugua mlango.

Picha ilichorwa kutoka juu, kama alivyoona yule aliyekuwa kwenye tundu la paa. Upande mmoja wa mlango kulikuwa na mikono, mikono mingi, inasukuma. Upande wa pili kulikuwa na komeo la chuma lililosukumwa mpaka mwisho wake. Na hatua chache kutoka hapo, chini ya mgunga, mtu mnene alikuwa ameketi, mgongo ukiwa umegeukia godauni, kikombe cha chai mkononi. Kichwani alikuwa na kofia ya kahawia ya Kizungu.

Vichwa vyote vikamgeukia Waithaka. Naye akafanya kosa ambalo Wasike hakuwa amethubutu hata kuliomba. Aliivua kofia yake. Aliivua haraka, akaificha nyuma ya mgongo, mbele ya Hakimu na mji mzima wa Nakuru.

Chepkemboi aliinua mkono. Akaonyesha komeo. Akaonyesha mtu wa picha. Kisha kidole chake kikazunguka polepole, kikatulia juu ya Waithaka.

"Wewe nasema komeo hapana," Hakimu alisema.

Upole ulimtoka Waithaka kama maji kwenye gunia. "Bwana ndiye aliyesema!" alipayuka, akimwelekea Thornley. "Walikuwa wanatoka kila saa kunyonyesha watoto, kazi inalala! Aliniambia, funga mpaka wakati wa chai. Nilipoinuka kufungua, chuma kilikuwa moto, hakishikiki. Nifanye nini? Nilipaka ukuta, ndiyo. Lakini komeo ni la Bwana!"

Thornley aliinuka, akautazama mlango. Watu wote walikuwa wanamtazama, na hakuna hata mmoja aliyeondoa macho.

"Na makaa?" aliuliza Wasike. "Makaa ya Wachuka?"

"Hapakuwa na makaa," Waithaka alisema, akitazama chini. "Moto ulitoka tanurini. Nilisema Wachuka kwa sababu... ndiye jina lililonijia."

Rahab alisikia, lakini hakugeuka. Alikuwa amebakiza sehemu moja, ile ya katikati. Alichovya gunia lake, akaosha kwa mkono mmoja, taratibu, jinsi mtu anavyomwosha mtoto uso. Weusi wa Dundori ukatokea, weusi mnene wenye kung'aa. Ilikuwa miguu ya mwanamke iliyokita chini kwa nguvu, na mgongo ulionyooka, na mikono iliyoinuliwa juu ya kichwa. Juu ya mabega ya mwanamke huyo mweusi alisimama msichana mwekundu, wa udongo wa Keringet, akiushika ukingo wa tundu la paa.

Chepkemboi aliugusa ule wekundu, kisha akajigusa kifuani. Akayagusa yale mabega meusi. Midomo yake ikasogea, ikatoa mnong'ono ambao ni waliokuwa mbele tu waliousikia, lakini ulipita mdomo kwa mdomo mpaka mwisho wa ukumbi kabla mtu hajapepesa macho.

"Wachuka."

Hakimu alivua miwani yake, akaifuta kwa muda mrefu. "Andika," alimwambia karani wake. "Huyu mwanamke hapana kosa. Andika hivyo kwanza. Yale mengine tutaandika baadaye, na haya yatakuwa mengi. Sajini, hawa watu wawili wasitoke."

Wasike alimshika Waithaka mkono. Kwa Thornley alisimama tu njiani, na mwili wa Wasike ulitosha kuwa mlango. Lakini macho yake yalikuwa nyuma ya ukumbi.

Gathoni alikuwa bado ameketi. Hakuwa na uhakika kama anaruhusiwa kuinuka. Mzee Naftaly Nderitu alipita katikati ya mabenchi, suruali imelowa mpaka magotini, viatu vyenye chokaa vikiacha alama nyeupe sakafuni. Akasimama mbele yake, akavua kofia, akanyoosha mkono.

"Mama Wachuka," alisema kwa sauti ya kanisani, ili kila mtu asikie. "Habari za siku nyingi?"

Gathoni aliutazama ule mkono. Akaushika. Nyuma ya Naftaly walikuwa wamekwisha panga mstari: mama yake Sally, shangazi wa Njoro, na watu ambao kwa wiki nyingi walikuwa wakivuka barabara wakimwona. Kila mmoja alimsalimu kwa jina la bintiye, naye akamjibu kila mmoja. Mstari ulitoka mpaka nje ya mlango, ukakunja kona.

Alipomaliza wa mwisho, Gathoni alitembea mpaka ukutani, akauweka mkono wake juu ya udongo mweusi uliokuwa bado na maji.

"Huu ni wa nyuma ya jiko letu," aliwaambia, na alisimama hapo amenyooka, kama mtu aliyefika kwake.